Maharage Yasiyo na Pilipili

Aneth mwanangu,

Maharage yameshaiva. Yaunge kwa karanga, pilipili usitie hata kidogo. Mlenda uko kwenye ungo. Kahawa nimempa jirani.

Asubuhi nilipoisukuma chai yako ya tangawizi, sikukukasirikia wewe. Joto lilinipanda kifuani ghafla, jasho likanitoka, nawe ukacheka ukasema, "Mama unachemka kuliko birika." Nesi aliniambia hedhi inakoma, nibadilishe chakula. Hii ni wiki ya tatu nafuata masharti, na bado jana ofisini nilisahau jina la mkuu wangu mbele ya watu. Naogopa, mwanangu.

~~Usimwambie baba yako.~~

Mwambie baba yako. Mimi nimeanza mara mbili, nikaishia kumuuliza kama ameshiba.

Mama