Kurudi Kwenye Safu

Ijumaa, alasiri. Nakivale.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika karibu na adhuhuri, na sasa kuna jua la kuunguza mgongo na matope ya kumvua mtu viatu. Nimekaa barazani nimeegemea mto. Tumbo linauma kidogo. Moyo umetulia, na ndiyo maana nimechukua simu niandike, kwa sababu haujatulia hivi tangu nilipopasuliwa.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Saidi, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, mkimbizi hapa kambi ya Nakivale, Uganda, muuza vitenge. Mwanzoni mwa mwaka huu madaktari wa Mbarara walinikuta na saratani ya utumbo mpana. Walikata kipande chenye uvimbe, na mwisho wa utumbo uliobaki wakautoa nje, ubavuni kushoto. Choo changu sasa kinatokea hapo, kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni.

Haya, nimeandika.

Operesheni ilikwenda vizuri. Daktari alisema uvimbe wote umetoka, zimebaki dawa za dripu za kumalizia kile ambacho jicho halioni. Majirani wakasema alhamdulillahi, nami nikasema pamoja nao. Kisha nikarudi nyumbani, nikaanza kuuogopa mwili wangu mwenyewe.

Mfuko huu hauna adabu. Unanguruma unapojisikia, mbele ya yeyote. Nikagundua kwamba nisipokula, unanyamaza. Basi nikaanza kupunguza chakula. Zaina, mke wangu, akipika ugali wa muhogo na mukene, wale dagaa wa huku, nilikuwa namega tonge mbili tatu nasema nimeshiba.

"Baba Aisha, hata mtoto hashibi hivyo," aliniambia siku moja, akaondoa sahani bila kunitazama.

Sokoni sikwenda. Msikitini sikwenda. Imamu alishamweleza Zaina kwamba mtu wa hali yangu ana udhuru: kila wakati wa sala ukiingia anatawadha, anasali, na sala yake ni sahihi. Kwa hiyo dini haikunizuia. Aibu ndiyo iliyonizuia.

Jumatano nilikuwa Mbarara kwa daktari. Alinipima uzito, akafunua kidonda. Halafu akaniambia kidonda kinachelewa kufunga kwa sababu mwili hauna kitu cha kufungia, na kwamba kwa udhaifu huu hathubutu kunianzishia dawa za dripu. Nirudi mwisho wa mwezi. Nikirudi hivi nilivyo, tutaahirisha tena, na kila tukiahirisha, nafasi ya ugonjwa kurudi inakua.

Nilitoka pale, nikakaa kwenye benchi. Saratani walishaikata. Kinachonimaliza sasa ni woga.

Pale kliniki kuna muuguzi, mama wa Kinyankore, kila mtu anamwita Musawo, yaani daktari kwa lugha ya huku. Aliniona nilivyokaa kwenye benchi, akanichukua mpaka chumba cha nyuma anakokaa na wagonjwa waliopasuliwa. Tulikuwa wawili tu siku hiyo. Mwenzangu ni Baba Furaha, mkulima kutoka Kivu Kusini, mlokole, anaishi upande mwingine wa hii hii Nakivale. Ana mfuko kama wangu, na alinitangulia kuuvaa kwa miezi mingi.

Musawo akatuambia tufumbe macho, tufuate pumzi inavyoingia na inavyotoka. Mawazo yakija tuyaache yapite, tusiyafukuze wala tusiyafuate. Nikajaribu. Pumzi sikuiona. Nilichosikia ni tumbo tu. Nikafumbua macho.

"Musawo, mimi sitaki kuusikiliza mwili zaidi ya hapa. Nausikiliza mchana kutwa."

"Wewe nasikiliza kama askari wa geti, sebo," alinijibu kwa Kiswahili chake cha Uganda; sebo kwao ni bwana. "Askari nangoja mwizi tu. Mimi nataka wewe nasikiliza kama mutu amekaa kwa nyumba yake, nasikia mvua. Mvua nanyesha, yeye hapana kimbia."

Baba Furaha akaanza kucheka. "Mi pia nilikuwaka naogopa kuenda ku kanisa. Siku ya kwanza, katikati ya maombi, mufuko ikalia! Bamama bakageuka, bakafikiri ni mutoto. Nikafunga macho tu, nikasema amina."

Tulicheka wote watatu, mimi nimeshika kidonda kwa mikono miwili. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka.

Kisha Musawo akanipa ndizi moja, zile ndogo tamu. Akaniambia niile polepole. "Utamu nakuja, angalia utamu. Woga nakuja, angalia woga. Halafu tafuna tena."

Woga ulikuja kweli. Ulikuja kifuani kama mkono unaobana. Nikautazama. Nikatafuna. Ulikaa, ukalegea, ukarudi, ukalegea tena, na ndizi ikaisha.

Nilimuuliza kama kupumua huku kunatibu saratani. Alikataa pale pale. Kisu na dawa ndivyo vinavyotibu, alisema. Lakini mtu akiogopa kula, akiogopa kulala, akiogopa kutembea, dawa itafanya kazi na nani?

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria neno ambalo ustadhi wa chuo cha Kurani alitufundisha tukiwa wadogo: khushuu. Kuwepo moyoni pale pale ulipo kimwili. Nimesali maisha yangu yote, na sikuwahi kudhani kwamba ningehitaji khushuu ili nimeze ndizi.

Leo asubuhi nilikunywa bakuli zima la uji. Zaina alijifanya haoni. Nikaoga, nikavaa kanzu pana kuliko zote nilizonazo, nikatoka kwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa.

Nilichagua mwisho wa safu ya nyuma, karibu na mlango, nikaacha uwazi kati yangu na jirani. Jirani mwenyewe ni Abdi, Msomali anayeuza sukari mkabala na kibanda changu. Akanitazama, akanishika mkono wa kanzu, akanivuta mpaka bega likagusa bega.

Tukaenda sijida. Niliinama polepole, kidonda kikavuta, na hapo hapo mfuko ukanguruma, mrefu, katika ule ukimya.

Masikio yakawaka moto. Moyo ukakimbia. Mlango ulikuwa hatua chache tu nyuma yangu, na kila kitu ndani yangu kilisema inuka uondoke. Niliona masikio yanawaka. Niliona moyo unakimbia. Paji la uso lilikuwa juu ya mkeka, na mkeka ulinukia unyevu na miguu ya watu. Nikavuta pumzi. Subhana rabbiyal a'la. Nikavuta nyingine.

Nikabaki.

Baada ya salamu ya kumalizia sala Abdi alinigeukia, akanipa mkono. "Umepotea sana. Tulifikiri umerudi Burundi."

"Nilikuwa naumwa," nikasema. Kisha nikaona nimalizie. "Saratani ya utumbo. Walinipasua. Sauti uliyosikia ni mimi."

Hakuuachia mkono wangu. "Pole, ndugu yangu. Mke wangu anangoja ufungue. Anasema wengine wanauza vitenge vinavyochuja."

Basi. 

Nimerudi nyumbani na njaa ya kweli. Nimekula. Mfuko unafanya kazi yake ninapoandika hivi, na kila mara bado nashtuka. Sijapona woga. Mwisho wa mwezi daktari atanipima tena, na najua usiku wa kuamkia siku ile nitalala macho. Labda itabidi niutazame woga huo nao.

Kuna jambo moja sijawahi kuliandika. Zaina hajaliona tumbo langu tangu hospitali. Kila asubuhi huchemsha maji, huyaweka mlangoni, hubisha hodi, huondoka. Mimi hufunga kwa komeo, nahangaika peke yangu kubadilisha mfuko kwa kioo kidogo, na yeye hajawahi kulalamika. Nilijiambia namhurumia. Leo najiuliza kama kweli ni huruma, au nimemwacha nje kwenye baridi mtu anayenipenda.

Kesho asubuhi sitafunga komeo. Akibisha hodi, nitamwambia aingie anishikie kioo.