Soli ya Kuongeza

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na wapwa zangu. Goti limepata nafuu, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi hatujambo, ila nimeanza kuota mvi na mke wangu anazihesabu bila huruma.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mwalimu mkuu amekuomba uwafundishe watoto kubuni vitu kwa mabaki, nawe unataka kukataa kwa kuwa hukujaliwa kichwa cha mawazo mapya. Niliposoma hapo niliweka nyundo chini.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Baba akishamaliza viatu vya wateja, alituwekea mezani takataka moja, kisigino kilichong'oka au kopo la gundi, tutaje kazi ishirini za kitu hicho. Kumcheka mwenzako kulikuwa marufuku mpaka tumalize. Majibu matano ya kwanza hata hakuyasikiliza. Alisema hayo ni ya kila mtu, tungoje ya kwetu. Mimi nilikuwa napayuka tu: kopo ni ngoma, kopo ni kofia ya jogoo. Wewe ulikaa kimya weee, kisha ukatoa moja kwa sauti ya chini. Nazitamani siku zile.

Sasa nina jambo la kukiri. Yule mama mwenye binti wa mguu mmoja mfupi alilalamika kwamba mtoto akikua kidogo tu, kiatu hakimsawazishi tena. Baba alikuna kichwa siku nzima. Wewe, ukiosha vyombo, ukaniambia soli iwe ya matabaka yanayofungwa kwa skrubu, aongezewe moja moja. Nikatoka mbio kumwambia Baba. Akanishika bega, akasema, "Wewe ndiye mwenye kichwa."

Nikanyamaza. Jumatatu yake nikaingizwa karakana, wewe ukapelekwa kufua nguo za watu. Soli ile ndiyo iliyonipa jina, na kila nikisifiwa naitikia kana kwamba ni yangu. Nilikusudia kumweleza Baba, nikaahirisha, nikaahirisha, hadi tukamzika. Naona aibu, dada. Nisamehe ukiweza.

Jana nimewaambia mafundi wangu wote kwamba soli ni yako. Kazi ya shule ukitaka kuikataa, ikatae kwa sababu nyingine. Hiyo uliyoandika niliitengeneza mimi.

Wabusu watoto, mwamkie shemeji.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi viatu