Cherehani Haiondoki

Chumba cha nne,
Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi, na juu yake nyingine. Hujambo? Shemeji hajambo? Mgongo wako umetulia, au bado unabeba ndoo kama msichana wa miaka ishirini? Mimi mzima, ila uzima wangu siku hizi una masharti yake, na ndiyo sababu nakuandikia.

Ujumbe wako niliupata: "Dada, umeshona vya kutosha, pumzika." Najua uliuandika kwa mapenzi. Lakini uliniudhi, na bora nikwambie mimi mwenyewe kuliko uje usikie kwa kaka.

Tangu kiharusi kilipokamata mkono wangu wa kulia mwezi wa tatu, kila mtu amekuwa bingwa wa maisha yangu. Mtoto wa kaka alinijazia simu video za watu wanaopiga kelele: amka alfajiri, oga maji baridi, jiambie wewe ni simba! Nikajiambia. Simba akabaki kitandani hadi saa sita. Kila siku niliyoshindwa nilijiona mvivu, na kesho yake nikashindwa zaidi. Nguo za wateja zilikaa kwenye mifuko yake, nami nikageukia ukutani nisizione.

Aliyenitoa pale ni daktari wa mazoezi ya viungo, binti mfupi asiyecheka ovyo. Nilimwambia nangoja hamu ya kazi irudi ndipo nianze. Siku hiyo alicheka.

"Mama, hamu haitangulii. Anza wewe, yenyewe itakufuata. Kila asubuhi unafanya nini bila kukosa?"

"Nachemsha chai."

"Basi maji yakiwa motoni, okota vifungo vitano kwa mkono wa kulia. Vitano tu. Yakichemka, acha."

Niliona ananidharau. Mimi niliyeshona sare za shule nzima, leo niokote vifungo! Siku ya kwanza niliokota kimoja, maji yakachemka. Nikalia kwa hasira. Lakini baada ya siku kadhaa, nikishaweka sufuria tu, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la vifungo. Wiki ya tatu nikamaliza vitano. Zipo asubuhi nilizoruka. Binti alinikataza kujitukana. Akasema kukosa siku moja si kurudi mwanzo. Na hamu yenyewe ilikuja mwezi wa sita bila kupiga hodi: nilijikuta naimba huku navipanga vifungo kwa rangi.

Sasa sikia vituko vya kaka. Jumamosi iliyopita alikuja na mtu wa mkokoteni, bila kuniuliza. Cherehani iende kwa mkwewe, mimi nihamie chumba cha uani kwake.

"Tumekubaliana wote," akasema. "Hata Kitinda."

Wote! Mimi kwenye hao wote sikuwemo.

Nikavuta kiti, nikakaa kwenye cherehani. "Haiondoki," nikamwambia. "Ila kwa kuwa umeshafika, kaa uone."

Nikaanza kutia uzi kwenye sindano. Ukapita kushoto, ukapita kulia, ukachambuka ncha, nikailamba, nikaanza tena. Kaka akanyoosha mkono anisaidie, nikaupiga kofi. Mtu wa mkokoteni akaanza kunielekeza, "Juu kidogo, mama, juu kidogo." Jasho lilinitoka kama niliyelima. Nadhani ilipita nusu saa. Uzi ulipoingia, mtu wa mkokoteni alipiga makofi peke yake.

Nikamwambia kaka avue shati, maana lilikuwa limefumuka kwapani tangu sijui lini. Nikalishona huku amekaa kifua wazi na kitambi chake. Mshono ukaenda upogo, nikaufumua, nikarudia.

Kaka akalivaa. Alipofika mlangoni akasimama. "Naogopa kuja siku moja nikukute umeanguka humu peke yako," akasema, na sauti yake haikuwa ya kaka mkubwa.

"Hata mimi naogopa," nikamjibu. "Basi njoo unione mara kwa mara. Usinihamishe."

Mkokoteni uliondoka mtupu.

Mkono haujapona wote. Daktari anasema huenda usirudi kuwa wa zamani. Haya, tutaishi na huu. Barua hii nimeiandika nao, leo ni siku ya nne. Kesho Jumatatu nafungua mlango kwa wateja: nguo moja kwa siku, anayeharakisha aende kwingine.

Kwa hiyo ule ujumbe wako ufute. Badala yake nitumie vipimo vyako: kifua, kiuno, nyonga na urefu. Vya sasa, si vya siku ya harusi yako. Nakushonea gauni. Litachelewa, na mshono ukienda upogo utalivaa hivyohivyo.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na huyo mwanao anayekimbia kuoga. Kaka anakusalimu, amenuna kidogo, lakini anakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na riziki, na akuzuie kunishauri walau kwa mwezi mmoja.

Akupendaye hata anapokugombeza,
Dada yako, fundi.