Picha ya Uyoga Uliomuua Tulalumba

Kitandililo, Jumanne. Mvua bado inanyesha.

Nimeupiga picha uyoga uliomuua Tulalumba, mwanafunzi wangu. Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ameagiza picha ibandikwe shuleni, watu waujue, wasiuchume tena.

Nililala kifudifudi kwenye majani, kamera karibu kabisa, nikaiona mikunjo ya chini ya kofia yake, myembamba kama kurasa. Mungu anisamehe, niliuona mzuri.

Nilipoinuka, mama yake Tulalumba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mwalimu, na picha ya mwanangu unayo?"

Jumapili ile kabla hajaula, tulipotoka kanisani, Tulalumba aliniomba nimpige picha. Nilimwambia filamu imebaki kidogo, naitunza kwa ajili ya uyoga wangu, ule ninaoupiga picha kila msimu wa mvua.

"Sina, mama."

Hakulia. Aliuliza tu kama uyoga utatoka vizuri.

Nikamwambia utatoka.