Nyima Hatarudi Mjini

Jilonko, Foni,
Gambia.
11 Februari 2018

Mpendwa mwanangu Malang,

Je, amani iko? Baridi ya huko imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Mgongo uliosema unauma kwa kuinamia makreti ya matunda umepata nafuu? Unakula wali japo mara moja kwa siku? Na wale vijana wanne unaoishi nao chumba kimoja, hawajambo?

Mimi shangazi yako ni mzima, namshukuru Mungu. Jicho la kushoto limezidi kuwa na ukungu, lakini la kulia bado linasoma, na mkono bado unaandika mstari ulionyooka, kama unavyoona. Vitunguu vya bustani ya wanawake vimestawi mwaka huu. Paa la jikoni tumeliezeka upya kabla ya joto kuanza. Mkeo Nyima anakula vizuri na kulala vizuri, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Jumapili iliyopita ulinikatia simu nikiwa katikati ya sentensi. Karatasi haikatwi. Unaweza kuichana, lakini nakujua: utaokota vipande na kuvipanga juu ya kitanda.

Umesema umeona picha ya video. Umesema mtu aliirekodi ngoma ya gulio letu la Jumamosi, ikazunguka kwenye simu hadi ikafika kwenye chumba chenu cha kulia chakula, na wenzako wakakuonyesha mkeo, mwenye mimba ya miezi minane, amevaa suruali yako kuukuu ya kaki, ana mkufu wa makopo shingoni na kibuyu kichwani, anawanyooshea kijiko cha mbao wauza samaki na kuwaamuru wamlipe kodi ya bahari. Ni kweli. Nilikuwapo. Walimpa samaki watatu, na tulimla mmoja njiani.

Ukasema mkeo amefanywa kichekesho. Hilo pia ni kweli, na ndiyo kazi aliyokuja kuifanya huku.

Wewe uliondoka Foni ukiwa kijana na mambo ya wanawake hayakukuhusu, kwa hiyo acha nikueleze kama nilivyokuwa nikikueleza hesabu. Nyima amezika mara tatu. Wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili alikaa miezi saba akachukuliwa na homa. Wa tatu hakufika hata kuzaliwa. Mwanamke aliyefika hapo, kwetu, huondoka nyumbani kwa mumewe akaishi kijiji kingine, kwa wanawake waliopitia yaleyale. Anaacha jina lake na kupewa jingine la dhihaka. Anavaa matambara, anacheza, anaomba, anatukana na kutukanwa, na hakuna mtu yeyote, hata imamu, hata mkuu wa wilaya, anayeruhusiwa kumkasirikia. Hukaa hivyo mpaka mtoto azaliwe, anyonye, atembee. Kwa hiyo mwishoni mwa Agosti, mimba ikiwa na miezi mitatu, Nyima alikuja kwangu.

Najua ni jina ndilo lililokuuma zaidi. Umesikia kwenye ile picha wakimwita Chujio, ukadhani wanawake wamemsimanga kwa sababu kila kinachoingia tumboni mwake hupita. Mwanangu, jina hilo alilichagua Nyima mwenyewe. Siku ya kwanza tulikaa uani, Mama Teneng, kiongozi wao, akamwuliza aitwe nani. Nyima alikuwa hajasema neno tangu afike. Akainua uso akasema, "Niiteni Chujio." Kisha yule wanayemwita Ufagio, aliyefagiliwa watoto wanne, akasema, "Karibu jikoni, dada. Vyombo vyote vibovu viko huku." Nyima akaangua kicheko, kisha kilio, kisha kicheko tena, na wote wakamfuata. Mimi niliyefundisha miaka ishirini na kusoma kila kitabu kilichonipitia mkononi, sijapata kuona maneno yakifanya kazi kubwa namna ile.

Sasa nikueleze ya Alhamisi, maana nina hakika ndugu yako Sanna amekueleza nusu.

Tangu ulipopiga simu Jumapili na kuamuru mkeo arudi mjini kwa mama yako, Nyima alinyamaza. Ni mke mtiifu. Alifunga mkoba wake akauweka mlangoni. Siku nne hakucheka, na chakula alikigusa tu kwa ncha za vidole. Jumatano jioni aliniambia kwa sauti ndogo, "Shangazi, mimi nimenyamaza, na huyu naye amenyamaza." Aliushika mkono wangu akauweka tumboni. Nilingoja. Sikusikia kitu.

Sanna alifika saa nne asubuhi na gari ulilomkodia. Langoni alikuta wanawake kumi na mmoja wameketi chini wamefunga njia, kila mmoja ndani ya suruali ya mumewe. Mama Teneng alikuwa na kofia ya polisi aliyoikata kwenye boksi la sabuni.

"Simama hapo hapo! Leseni ya kubeba wajawazito iko wapi?"

"Mama Teneng, mimi nimetumwa tu."

"Ametumwa! Jamani, kifurushi kimefika, na hakina hata stempu!"

"Mwacheni shemeji akae," Ufagio akadakia. "Hamwoni mwenyewe ana miezi sita? Shemeji, unatapika asubuhi?"

"Ni kitambi tu, mama."

"Ndivyo tunavyosema sote mwanzoni."

Walimkalisha kwenye kinu kilichopinduliwa. Mama Teneng akachukua faneli ya kumiminia mafuta, akaisimamisha juu ya tumbo la Sanna kama anavyofanya mkunga na kile kipaza chake cha mti cha kumsikilizia mtoto tumboni, akatega sikio. Akawanyamazisha wote kwa kidole.

"Nasikia... nasikia... Ni wali! Wali wa jana, wa mchuzi wa karanga. Na pembeni kuna samaki. Pongezi, mwanangu, ni mapacha!"

Unamjua Sanna. Alijaribu kukunja uso, uso ukakataa. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Na nyuma yangu, kutoka chumbani, nikasikia kicheko kingine. Nyima alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, mkono mbavuni.

"Shangazi! Amenipiga teke!"

Hatukungoja. Tulimpakia Nyima kwenye gari lako, na sita kati yetu tukajibana naye, Sanna akaendesha hadi kwa mkunga. Mkunga akasikiliza kwa kipaza chake, tena kwa muda mrefu, kisha akapiga mdundo kwa kidole mezani ili Nyima naye ausikie. Tuk-tuk, tuk-tuk. Akamwambia mtoto hajambo, ila mama ndiye hali, na mama asipokula mtoto naye hulegea.

Kisha Sanna, kwa aibu, akasema, "Sasa shemeji, tufanyeje? Twende mjini?"

Haya ndiyo majibu ya mkeo, neno kwa neno, nami niliyaandika siku hiyohiyo: "Mwambie kaka yako siji. Kule nikipita watu wananong'ona na kunihurumia. Wanaficha watoto wao nisiwatazame. Hapa hakuna anayenihurumia hata mmoja. Wananitukana kutwa, na usiku napata usingizi."

Basi, Malang, jibu langu ni hilohilo. Nyima hatarudi mjini. Tuma gari jingine, tutalipanda kwenda gulioni. Tuma kaka wote ulio nao, Teneng ana faneli za kutosha. Mwambie imamu wa huko aniandikie, nitamsahihishia barua yake na kuirudisha. Mwaka 1992 nilifukuzwa kwangu Casamance, kusini mwa Senegal, na watu wenye bunduki, nikavuka mpaka kwa miguu, wewe una miaka minne nimekushika mkono, na hadi leo nyumba yangu ya kule sijaiona tena, naikumbuka kwa kuhesabu vizingiti vyake tu. Nilihamishwa kwa bunduki. Sihamishwi kwa simu.

Sikudanganyi kwamba kibuyu kichwani huzuia homa. Nimesoma vya kutosha. Chandarua huzuia homa, na ni hawa vichaa unaowaonea haya wanaomkagulia mkeo chandarua kila jioni, wanaohesabu vidonge vyake, wanaomsindikiza kliniki wakiimba matusi ili asigeuke njiani. Alipovimba miguu, hakuwa na haja ya kuogopa peke yake. Wote kumi na mmoja walipandisha suruali wakamwonyesha miguu yao na kubishana nani ana ya tembo kuliko wenzake.

Kuna jambo sijakuambia maishani mwako. Mimi pia nilizika, mara mbili, kabla hujazaliwa. Wanawake wa kijiji chetu walikuja kunichukua, nikawafungia mlango. Nilikuwa mwalimu. Mwalimu angechezaje sokoni na suruali ya mumewe, mbele ya wazazi wa wanafunzi? Nikakaa nyuma ya pazia na heshima yangu. Mume wangu naye alikuwa anaona fahari kwa utulivu wangu. Hakukuwa na mtoto wa tatu. Sisemi angekuwapo kama ningecheza. Nasema ile heshima, mwanangu, nilikaa nayo chumbani miaka mingi, na haikuniuliza hata siku moja kama nimekula.

4 Machi

Lamin Colley, niliyetaka akuletee barua hii, aliahirisha safari, ikabaki chini ya mkeka. Sasa anaondoka kesho, nami naongeza karatasi. Hujapiga simu tangu siku ile, na mimi nimekataza mtu yeyote asikupigie. Ulitaka kununa, nikakuachia nafasi.

Uchungu ulimshika Nyima jana Jumamosi alfajiri, akiwa anachambua mchele. Tulikwenda wote. Mkunga aliruhusu wawili tu ndani, Teneng na mimi. Waliobaki walikaa chini ya dirisha na kuendesha mkutano kwa sauti kubwa. Ufagio alieleza jinsi alivyomlaani mumewe kwa uchungu, akamlaani na baba yake na babu yake, halafu mtoto alipotoka akamwuliza mume kwa upole kama kuna samaki wa kuchoma. Mwingine akasema yeye aliuma mkono wa mkunga, na mpaka leo yule mkunga akimwona hutia mikono mifukoni. Nyima alikuwa anacheka na kupiga kelele kwa pamoja, hata mkunga akashindwa kujua amwambie asukume lini.

Mchana hali ikawa nzito. Nyima alimkamata Teneng kwenye kola akasema, "Na huyu akinyamaza kama yule wa kwanza?"

Teneng hakumwambia asiseme hivyo. Alisema, "Akinyamaza tutakaa nawe. Sote. Hatuna kazi nyingine." Kisha akaongeza, "Lakini huyu hanyamazi. Ana hasira za baba yake."

Alizaliwa saa nane na robo. Hakunyamaza, Malang. Alilia mpaka mkunga akasema atamshtaki. Ni msichana. Teneng alimtazama juu hadi chini akasema, "Mbona sura kama goti la mzee? Mpeni mwenye nalo, sisi hatulitaki." Kisha alitoka nje, akakaa nyuma ya tangi la maji, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Sasa sikiliza vizuri. Zile nguo nyeupe ulizotuma hatavaa. Amefungwa kitambaa tulichokiunga kwa viraka vya nyumba saba. Jina la marehemu bibi yako, ulilolitaka, imamu atamnong'oneza sikioni siku ya saba, nalo litakaa humo sikioni mpaka atakapotembea. Sisi wengine tunamwita Tambara, na wewe pia utamwita hivyo. Hatutaki kitu chochote, cha mbinguni wala cha ardhini, kisikie kwamba hapa kuna mtoto anayependwa.

Nyima hajambo. Amekula sahani mbili. Anakusalimu, ila ameniagiza niandike kwamba anakusalimu kidogo tu.

Wasalimie vijana wa chumbani, na uwaambie sasa wanaweza kuicheka ile picha, ukiwa nao. Msalimie Bakary Sanyang ukimwona, na umwambie mama yake bado ana nguvu ya kunitukana kisimani. Sanna anakusalimu kutoka mjini, na mama yako pia. Mama yako ameacha kulia kwa ajili ya ile picha, na ametuomba ruhusa aje kuvaa suruali. Mungu akutangulie katika baridi hiyo, aupe mgongo wako nguvu, akurudishe huku kwa miguu yako mwenyewe.

Ukitaka kupiga simu, piga Ijumaa baada ya swala, wanawake wote watakuwapo. Usiseme "mwanangu". Usimshukuru Mungu kwa sauti, mshukuru moyoni. Sema hivi, kwa dharau, kama mtu asiyejali: "Lile tambara bado mnalo hapo? Hamjalitupa?" Najua sauti itakutetemeka. Jizoeze mbele ya ukuta mpaka isitetemeke. Nasi tutakujibu kwamba bado lipo, tumekosa wa kumpa.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na nisiyekutii,

Sona Sambou