Vidonge Ulivyogawana na Mama Eliapenda

Mpendwa mama,

Kwa heshima na taadhima, nautangazia ukoo wetu wote, tulio juu ya udongo na mlio chini yake, kwamba leo asubuhi nimenunua kalamu ya wino mweusi. Ya bluu ninayo, lakini fomu imekataa bluu.

Ni fomu ya chuo cha famasia. Usicheke. Najua nina miaka thelathini na tisa, na darasani nitakaa na watoto watakaoniamkia shikamoo kabla ya kuniazima rula.

Uliniacha nikiuza katika duka la dawa pale mjini Moshi, kwa hiyo hutashangaa sana. Ulishangaa ile siku nilipotoka ushirika wa kahawa nikaingia dukani. Miaka kumi na mbili nilipima kahawa za watu wa Marangu, halafu wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, wakulima wakawafuata, nasi makarani tukaambiwa tupumzike. Ukaniuliza, "Sasa wewe mtu wa kilo, dawa utazijulia wapi?" Nikakujibu nitazisoma. Na kweli nilisoma kila karatasi iliyokunjwa ndani ya kila boksi, mpaka wateja wakaanza kuniita daktari. Sikuwasahihisha.

Kisha ile Jumamosi nilipokuja nyumbani. Ulikuwa jikoni, mtori wa ndizi uko motoni, kidonge chako cha presha kiko juu ya kibao, nawe unakikata kwa kisu cha ndizi. Nilidhani kinakukwama kooni.

"Nusu ya Mama Eliapenda," ukasema.

"Kwani jirani yako hana zake?"

"Angekuwa nazo angekuja kwangu? Tunagawana chumvi, tunagawana moto, tukichinja tunagawana nyama mpaka utumbo. Leo nimeze kizima, yeye ananitazama mdomoni?"

Nikacheka, mama. Nikasema, "Basi mpimie vizuri, asije akalalamika." Ukacheka na wewe, ukanijazia bakuli. Jumatatu niliisimulia dukani, ikapendwa sana. Niliisimulia karibu miezi minne, kila mara naipamba zaidi, na siku zote hizo nilijua kwamba nusu haikutoshi. Imeandikwa kwenye karatasi ya boksi lako. Niliisoma mimi mwenyewe.

Walikukuta kihambani, shambani kwako nyuma ya nyumba, chini ya migomba, mkono wa kulia haunyanyuki. Hukumaliza wiki. Sijui kama kidonge kizima kingekuweka hai. Daktari hakusema, nami sikumuuliza, niliogopa angenijibu.

Siku ya tatu ya matanga Mama Eliapenda alinivuta pembeni. "Mwanangu, zile dawa za mama zimebaki?" Ndipo nikamweleza, kwa mara ya kwanza, kwamba kila mtu ana dozi yake, na kwamba zile nusu hazikumtibu hata mmoja wenu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe!" akasema. "Sasa mbona hukutuambia, na wewe ndiye mtu wa dawa?"

Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali.

Nilichuma isale nikaja kaburini. Jani hilo kwetu ukimpelekea mtu hawezi kukunyima msamaha, lakini ni lazima alipokee kwa mkono wake. Nilisimama nalo kama mjinga, nikarudi nalo.

Sasa fomu inauliza kwa nini nataka kusomea famasia. Mwanzo niliandika "kuitumikia jamii". Nikayakata, nikaandika habari yako yote, pamoja na kicheko changu. Mke wangu aliisoma amesimama dirishani. "Baba Neema, unaomba chuo au unatubu?" Nikamwambia wameacha mistari mitano, inatosha vyote viwili.

Ninachotaka si kikubwa. Siku moja nisimame dirisha la dawa, mama mmoja akipokea vidonge nimwambie: hivi ni vyako peke yako, jirani naye aje na cheti chake. Nimwambie bila kucheka, hata kama yeye atacheka.

Basi pumzika, mama. Nimegeuza ukurasa wa mwisho nitie sahihi, na juu ya mahali pa sahihi wameandika kwamba mwombaji awe amefaulu kemia kidato cha nne. Shuleni kwetu hapakuwa na mwalimu wa kemia.

Mwanao,
kitindamimba wako