Vyura wa Kona ya Nduma Wamenyamaza

Mpendwa Baba Makena,

Nisamehe nimekawia kukuandikia. Mikono imejaa, ng'ombe, chai, watoto, na jioni nikikaa chini tu usingizi unanibeba. Ningekupigia, lakini Makena huweka sikio kwenye kila simu yako, na hili sitaki alisikie.

Vyura wetu wamenyamaza.

Unakumbuka ile mvua tukiwa na Makena pekee, nimembeba mgongoni? Ulichimba kidimbwi kando ya mto, pale kwenye nduma, ukapanga mawe ya vyura kupandia. Mama yako akasimama mikono kiunoni.

"Kwa hivyo sasa mtoto wangu ni mfugaji wa vyura?"

Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Mama, wewe jana uliua mbu wangapi?"

Alicheka mpaka akakalia debe. Tangu hapo nduma tunavuna kuanzia juu, na ile kona ya chini haiguswi mpaka viluwiluwi waote miguu. Siku hizi mama mwenyewe ndiye anafukuza bata hapo. Na mvua ikianza ulikuwa unatushusha sote mtoni tukasikilize. Muthomi, mdogo wake Makena, anaiga chura yule wa sauti nene, wewe unamjibu kama yule mdogo wa kwenye majani, na chakula kinapoa jikoni.

Sasa yule aliyekodi shamba la juu amepanda nyanya. Akimaliza kupulizia dawa anaosha pampu mtoni, juu yetu. Juzi Makena alienda kuangalia viluwiluwi, akarudi polepole.

"Mama, wamelala tumbo juu."

Nilimwendea huyo jirani.

"Mama Makena, si hao ni vyura tu?"

"Na watoto wangu wanaoga maji gani?"

"Chemsha."

"Dawa haiishi kwa kuchemshwa. Pampu yako ioshee huko kwako, mbali na mto."

Akasema atangoja mwenye boma atoke kazini kwenye shamba la maua huko Timau, waongee wanaume. Nikamwambia mwenye boma ndiye huyu amesimama mbele yake. Hajaacha.

Naogopa, Baba Makena. Muthomi ametokwa na vipele miguuni. Kwenye dispensari walinipa mafuta, wakauliza huwa anacheza wapi. Sijui kama ni maji, na sijui kama si maji. Nikimwogesha nakagua kila alama. Sasa tunateka kwenye chemchemi ya shule, na mgongo unaniuma. Viluwiluwi waliobaki tumewatia kwenye beseni la maji ya mvua. Watoto wanawahesabu kila asubuhi, nami natamani wasihesabu.

Omba ruhusa uje uongee naye. Lakini vitu hivi visikungoje, mpe binamu yako anayeshuka na lori la viazi. Jerikeni mbili za lita ishirini, zenye vifuniko. Mfereji wa bati wa upande wa jikoni, tukinge maji ya mvua. Wavu mwembamba wa kufunika beseni, kuku wameanza kulizunguka. Buti za mpira za Muthomi, zizidi mguu kidogo. Na kufuli ya kile kilango cha kushukia mtoni. Nafunga kwa kamba, na Muthomi ameshajua kuifungua.

Ni mimi mke wako,
Mama Makena